Hodi za Jukwaani

Simu ya mke wangu ina ufa kwenye kona ya kioo. Siku ya tatu baada ya mazishi, kisomo kilipokwisha na wanawake wakaanza kukusanya vyombo, ilitetemeka juu ya kabati. Niliichukua nikidhani ni ndugu aliyechelewa kupata habari. Ulikuwa ujumbe wa kozi: "Wiki ya tano imefunguliwa. Wenzako wanakusubiri jukwaani." Niliilaza kifudifudi, nikaenda kusaidia kukunja mikeka.

Niliyoyafanya baadaye na simu hiyo ndiyo ninayoyaandika hapa. Si makubwa. Lakini sijawahi kuwadanganya watu kwa muda mrefu namna ile, kabla wala baada ya hapo, na ninataka yakae mahali yakiwa yameandikwa kama yalivyokuwa.

Mimi ni fundi baiskeli. Nilikuja Morogoro kutoka Kondoa, kwetu Warangi, nikiwa kijana, nikafanya kazi kiwandani, na kiwanda kilipopunguza watu nikabaki na spana na kibanda changu hapa Mafiga. Mke wangu alikuwa Mluguru wa mlimani. Aliuza viungo sokoni: mdalasini, iliki, pilipili manga, na karafuu kidogo. Vilitoka kwenye shamba la ukoo wao, upande wa pili wa mlima, ambako ardhi hufuata upande wa mama, kwa hiyo miti ile ilikuwa yake na dada yake, na mimi nilikuwa mgeni wa kubeba magunia tu. Sote wawili tuliishia darasa la saba. Yeye hakuwahi kulisahau jambo hilo. Mimi nilikuwa nimelisahau.

Kozi aliwekewa kwenye simu na mteja wake mmoja, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Mzumbe aliyezoea kununua iliki za chai kwake. Ilikuwa ya bure, kwa Kiswahili, wiki nane, juu ya viungo: kupanda, kuvuna, kukausha na kufungasha. Jioni ya kwanza alikaa jikoni, simu ameiegemeza kwenye kopo la sukari, mimi namenya vitunguu.

"Tuko maelfu," akasema.

"Maelfu ya nini?"

"Ya wanafunzi."

"Darasa gani hilo la maelfu? Mnakaa wapi?"

"Kila mtu kwake. Hebu nyamaza nisikie."

Masomo yenyewe yalikuwa video fupi, na nyingi zilieleza mambo ambayo angeweza kufundisha yeye. Kilichomshika ni jukwaa. Kila wiki waliulizwa swali, na sharti lilikuwa mtu aandike jibu lake, kisha awajibu wenzake wawili, ndipo wiki ihesabiwe. Watu wengi walitimiza sharti hilo kama mtu anayemeza dawa. "Nakubaliana na wewe." "Asante kwa somo zuri." Wawili, basi, anaondoka.

Wiki ya kwanza waliambiwa wajitambulishe. Watu wakaanza: Habari zenu wote. Habari za asubuhi. Salaam aleikum. Mke wangu akaanza kuwaitikia mmoja mmoja. Nzuri, za kwako? Salama, za huko Kigoma? Waaleikum salaam, karibu. Alichemsha chai akiitikia, akala akiitikia. Nilimwambia watu wale hawakumsalimia yeye, wamesalimia tu kwa jumla.

"Mtu akipita hapa akasema habari zenu, utakaa kimya kwa sababu hajakutaja jina?"

"Hapana."

"Sasa?"

Aliendelea mpaka simu ikapata moto mkononi. Ndipo ukatokea ujumbe kwamba akaunti yake imefungwa kwa siku moja, kwa sababu ameandika mara nyingi mno kwa muda mfupi, na mfumo unashuku kwamba yeye ni mashine. Alinisomea mara mbili. Kisha akacheka mpaka akaishika meza.

"Mimi mashine! Kwa kuitikia salamu!"

Tangu hapo akawa na utaratibu. Jukwaa lilipanga maandishi kwa kadiri yalivyojibiwa. Yaliyojibiwa sana yalikaa juu, na chini kabisa yalikaa yale yaliyoandikwa pembeni "Majibu 0". Yeye alianzia chini. Alisema mtu ameshapiga hodi, amesimama mlangoni, na ndani watu wanasikika wanaongea na kucheka, na hakuna anayemwambia karibu. Kwa hiyo kila jibu lake lilianza na maneno yaleyale: "Karibu, pita ndani." Halafu ndipo anaeleza la kueleza. Swali asilolijua aliandika hivi: "Karibu, pita ndani. Hili silijui, ngoja nimuulize dada yangu." Kweli alimpigia dada yake mlimani, na dada yake alipokuwa hapatikani, alimwandikia mtu kwamba bado hajapatikana. Nilikuwa naona anapoteza bando. Sasa naona vingine.

Siku moja aliiacha simu mezani akaenda kuepua maharage. Nikasoma: "Mke wangu, umeamkaje leo?" Nilimngoja arudi.

"Nani huyu anakuita mke wangu?"

Akafuta mikono kwenye kanga. "Mtani wangu. Mnyamwezi wa Tabora, ana mizinga ya nyuki. Anataka kujua namna ya kutia mdalasini kwenye asali. Nilipoandika kwamba mimi Mluguru, akasema basi mimi ni mke wake na shamba langu ni lake."

"Na wewe ukamjibu nini?"

"Nikamwambia alete mahari kwanza. Pipa la asali, alibebe kichwani kwa miguu kutoka Tabora, si ndiyo kazi ya babu zake? Naye ananiuliza sisi tunaoishi mteremkoni kikombe cha chai tunakiwekaje kisimwagike." Akanitazama usoni. "We mzee, umeona wivu?"

"Kidogo," nikasema, maana ilikuwa kweli, na alilifurahia jibu hilo kwa siku kadhaa. Akawa akimaliza kusoma ananiambia, "Mume mwenzio anakusalimu."

Wiki ya nne, Jumanne asubuhi, aliinuka sokoni kumpimia mteja mdalasini, akakaa tena. Ilikuwa presha. Alikaa hospitali siku mbili. Tulimzika kwao mlimani, chini ya shamba la ukoo, mvua ikinyunya.

*

Simu yake niliifungua siku kumi baada ya mazishi, kutafuta namba ya mteja aliyekuwa ameagiza karafuu. Jukwaa lilikuwa limeachwa wazi palepale aliposomea mara ya mwisho. Kulikuwa na swali lililoandikwa kwake. Mama mmoja wa Muheza, ambaye mke wangu alikuwa amemjibu wiki ya pili, aliandika: "Dada wa Morogoro, nimepanda mdalasini kwa ushauri wa marehemu baba yangu lakini hakunifundisha kumenya. Nitajuaje wakati umefika?" Pembeni: Majibu 0. Lilikuwa limekaa pale tangu siku tuliyomzika.

Jibu nilikuwa nalijua. Miaka yote ile ya kubeba magunia nilikuwa nikimsikia akilizungumza na dada yake. Nilinawa mikono kwa sabuni ya unga, maana grisi haitoki kwa maji tu, nikaandika kwa kidole kimoja: "Karibu, pita ndani. Tazama majani machanga. Yakiwa bado mekundu, subiri. Yakianza kugeuka kijani mvua ikiwa imeshanyesha, kata kijiti kimoja ujaribu. Ganda likiachia bila kung'ang'ania, wakati umefika."

Nilikusudia kuandika chini yake kwamba mimi ni mume wake na kwamba yeye amefariki. Naapa nilikusudia. Nilibonyeza kutuma kwanza, nikasema hilo lingine litafuata. Kabla sijaanza kuliandika, jibu likaingia: "Asante dada yangu. Mungu akuweke."

Sikuandika la pili.

Nyumbani watu wote walikuwa wameshaanza kusema marehemu. Marehemu alipenda hivi, vyombo vya marehemu viwekwe wapi. Walisema kwa heshima na sikuwa na la kuwalaumu. Lakini kule ndani ya simu alikuwa bado ni dada, ni mama, ni mke wangu. Aliulizwa habari za asubuhi. Aliitwa, na kitu fulani kiliitika. Nilijiambia nitafanya hivyo siku moja tu, halafu nikajiambia wiki moja.

Ikawa ndiyo kazi yangu ya alasiri, wateja wakipungua. Nilikaa kwenye kigoda kibandani, nikashuka mpaka chini kabisa kwenye Majibu 0, nikawaitikia. Wiki ya tano nikaimaliza. Ya sita nikaimaliza. Kila wiki iliyotimia ilitiwa alama ya kijani, na nilijua mwisho wa alama hizo kuna cheti kwa jina lake. Alikitaka sana cheti kile. Alisema atakitundika juu ya meza ya chakula ili kile cha darasa la saba kipate mwenzake. Nilichagua hata mahali, nikapigilia msumari.

Mtani ndiye aliyenisumbua.

"Mke wangu, siku hizi umekuwa mpole. Unaumwa, au kuna mwanaume amekufunga mdomo?"

Nilikaa na ujumbe huo siku nzima. Nikajibu: "Nipo."

"Nipo tu? Wiki mbili hujanitukana, nimeanza kukonda. Nitukane basi nile nishibe."

Nilijaribu. Mimi si mtu wa maneno, na kwetu utani ninaujua, lakini kuujua na kuuweza ni vitu viwili. Niliandika nikafuta, niliandika nikafuta. Mwisho nikatuma: "Leta asali."

"Haya," akajibu. "Angalau."

Wakati huohuo mama wa Muheza alikuwa ameuliza jingine. Jirani yake amemgawia iliki za kuvuna, atazikaushaje? Hapo nilipaswa kuandika yale ambayo mke wangu angeandika: hili silijui. Sikuyaandika. Nilikuwa nimeshazoea kushukuriwa. Nilikumbuka pilipili manga zinavyoanikwa juani kwenye mkeka mpaka zijikunje, nikajiambia kiungo ni kiungo, nikamwambia azianike juani.

Wiki ya saba alituma picha. Iliki zilikuwa zimepauka, zimekuwa na rangi ya majani makavu, na nyingi zimepasuka mbegu zinaonekana. Chini ameandika: "Dada, zimekuwa hivi. Mnunuzi amezikataa. Labda nimekosea mimi, maana wewe huwa hukosei."

Nilifunga kibanda saa nne asubuhi na spana bado ziko chini.

*

Kesho yake nilipanda bodaboda mpaka barabara inapoishia, kisha nikapanda kwa miguu. Nilipita kwanza kaburini. Majani yalikuwa yameanza kuota pembeni, nikayang'oa. Shemeji yangu, dada yake mkubwa, nilimkuta uani anachambua pilipili manga kwenye ungo.

"Shikamoo, dada." Kwa umri ni mkubwa kwangu, sijawahi kumsalimia vingine.

"Marahaba. Mbona siku ya kazi? Kuna nini?"

"Nimekuja kuuliza. Iliki mnakaushaje?"

Akasimamisha mkono. "Umepanda mlima wote huu kuuliza iliki?"

"Ndiyo."

"Kivulini. Kwenye chanja, juu ya moto mdogo kama mvua inanyesha. Juani zinapauka na kupasuka. Mtoto wa hapa analijua hilo. Nani anauliza?"

Ikabidi niseme. Nilimweleza yote: jukwaa, Majibu 0, mama wa Muheza, mtani. Nilieleza nikitazama ungo. Nilipomaliza hakuwa amekasirika, na hilo lilikuwa gumu zaidi.

"Kwa hiyo huko watu hawajui?"

"Hawajui."

"Bado wanamsalimia?"

"Wanamsalimia kila siku."

Akauweka ungo chini. "Nisomee."

Mtandao kwao unapatikana upande wa juu wa shamba, kwenye mdalasini mmoja mkubwa ambao ukoo hauumenyi. Tulipanda mpaka pale. Nikamsomea salamu. Nikamsomea shukrani. Nikarudi nyuma mpaka wiki zile ambazo mke wangu alikuwa akiandika mwenyewe, nikamsomea alivyomwambia mtani kwamba mtu wa tambarare akija kulala kwetu atabingirika kutoka kitandani mpaka Dodoma. Shemeji alicheka akiwa amejifunika mdomo kwa upindo wa kanga, na machozi yakawa yanashuka juu ya mkono.

"Rudia hiyo ya Mnyamwezi."

Nikarudia.

Tulikaa. Nilitumaini, na hapa sitaficha, kwamba ataniambia niendelee. Zilibaki wiki moja na siku chache. Cheti kingetoka, kozi ingefungwa, na watu wote wale wangetawanyika wakijua kwamba kuna dada mmoja wa Morogoro yuko hai anauza mdalasini. Nani angeumia?

Shemeji alisimama akakung'uta kanga. "Yule mama wa iliki," akasema. "Anadhani nani kamharibia?"

"Yeye mwenyewe."

"Mdogo wangu hakuwahi kumwambia mtu asilolijua. Hata akiwa mtoto. Aliyezianika zile iliki juani ni wewe, shemeji. Usimwachie mdogo wangu kosa hilo."

Alinifungia iliki kwenye jani la mgomba, za kijani kabisa, akanipa nishuke nazo.

*

Niliandika asubuhi iliyofuata, kibandani, kabla sijafungua. Niliandika kwanza kwenye karatasi. Haya ndiyo niliyoyaweka jukwaani:

"Assalaam aleikum na habari zenu. Mimi si dada mnayemjua. Mimi ni mume wake, fundi baiskeli, mtu wa Kondoa, naishi Morogoro. Mke wangu alifariki wiki ya nne ya kozi hii. Majibu yote tangu wiki ya tano nimeandika mimi kwa jina lake. Hakunituma. Ushauri wa kuanika iliki juani ni wangu na ni makosa. Iliki hukaushwa kivulini, au kwenye chanja juu ya moto mdogo. Dada yake ndiye amenieleza. Mama wa Muheza, nisamehe. Mke wangu hakukosea. Niliendelea kwa sababu mlikuwa mnamsalimia."

Nikatuma. Pembeni ikaandikwa: Majibu 0.

Nilifungua kibanda. Nikaziba pancha. Nikatazama: Majibu 0. Akaja mtu na breki, nikafunga breki, nikatazama. Miaka yangu yote sikuwahi kufikiria hodi inavyokuwa ndefu kwa anayeipiga. Nilikwenda kuswali adhuhuri, nikarudi, nikawa sitaki kuishika simu, kisha nikaishika.

Majibu 1. Alikuwa mtani.

"Wewe Mrangi! Nani alikupa kazi hii? Kumwiga marehemu ni kazi ya mtani! Ungeniita ningekuja, ningejifunga kanga yake nikakaa sokoni kwake nikapima mdalasini, watu wakacheka msibani wakapumua. Ningelala ndani ya kaburi nisitoke mpaka mnipe gunia la mdalasini. Umeninyima msiba wangu, umeufanya peke yako, na kuiga kwenyewe hujui. Mke wangu hajawahi kuniandikia 'Nipo'. Tazama wenye kazi yao wanavyofanya."

Na chini yake, ujumbe wa pili:

"Karibu, pita ndani! Nyie wa huko chini msiojibiwa nimewaona, vumilieni, naepua maharage. Na wewe Mnyamwezi, ondoa miguu yako mlangoni, watu hawana pa kupita. Asali umeleta? Hujaleta. Basi kaa huko huko nje na nyuki wako."

Nilisikia sauti yake. Maneno yalikuwa ya mtu wa Tabora ambaye hajawahi kumwona, na nilisikia sauti yake kabisa, hata ile ya maharage, ambayo alikuwa akimwandikia kila akimuaga. Nilicheka kwa sauti pale kibandani, mara ya kwanza tangu tumzike, na mwenye kioski jirani akachungulia kuona kuna nini.

Ujumbe wa tatu ulikuwa mfupi. "Utani umekwisha. Mzee wangu, shikamoo. Pole sana. Nimekaa chini tangu niliposoma."

Mama wa Muheza aliandika alasiri. "Nimekasirika, sitasema uongo. Iliki zile nilizitegemea. Lakini kaka, pole kwa msiba. Huyo dada wa mlimani muulize pia, majani ya mdalasini yanauzika au natupa tu?"

Msimamizi wa kozi naye aliandika, kwa upole, kwamba cheti hakitaweza kutolewa kwa jina la mke wangu kwa kuwa wiki tatu za kazi si zake, ila maandishi yake yatabaki na akaunti itaachwa wazi mpaka kozi ifungwe. Nilimjibu kwamba ni sawa. Ilikuwa sawa, na niliumia. Msumari niliokuwa nimeupigilia nimeutundikia kalenda.

Kisha zikaja pole. Pole kaka. Pole mzee. Poleni sana familia. Kutoka Kigoma, Pemba, Njombe, na sehemu ambazo sizijui ziko wapi. Wengi walikuwa wale wa Majibu 0. Mmoja baada ya mwingine waliandika kwamba wiki fulani waliuliza jambo, na aliyewajibu alikuwa yeye peke yake. Nilianza kuwaitikia. Mtu akikuambia pole unamwambia asante, nimeshapoa. Ndivyo tunavyosema. Nilipoandika mara ya kwanza "nimeshapoa" nikalitazama neno hilo, nikalifuta, kwa sababu nilikuwa nimeshasema uongo wa kutosha mahali pale. Nikaandika: "Asante. Bado sijapoa." Nikaandika hivyo kwa wa pili, na wa tatu, nikaendelea mpaka kioo kikawa cha moto na ujumbe ukatokea kwamba akaunti imefungwa kwa siku moja. Nimeandika mara nyingi mno kwa muda mfupi. Mfumo unashuku kwamba mimi ni mashine.

Niliisoma mara mbili, kama alivyoisoma yeye. Nilitaka kumwita jikoni.

Siku iliyofuata jukwaa lilipofunguka nilishuka moja kwa moja mpaka chini. Kulikuwa na mtu mmoja, kijiji hakukitaja. "Sijaandika humu tena tangu wiki ya kwanza. Niliandika habari zenu, dada akaniitikia, akaniuliza za kwangu. Nilitaka tu mjue. Pole." Majibu 0.

Niliandika: "Asante. Bado sijapoa. Karibu, pita ndani." Kisha chini yake, kwa mara ya kwanza, nikaandika jina langu mwenyewe.

Mteja alikuwa amefika na baiskeli iliyokatika mnyororo, akauliza kama naweza kuitazama sasa hivi. Nilimwambia akae kwenye kigoda, anisubiri kidogo, kuna watu mlangoni.